Nilivyomchora mama akiwa hai

Kazi yangu ni mabango: vinyozi, bucha, mama lishe. Na picha za marehemu. Mtu analeta picha ya pasipoti iliyofifia, anasema, "Fundi, mkuze baba yetu, mvalishe na kanzu." Nimechora wengi namna hiyo hapa Tanga, miaka kumi na minane sasa, na sikuwahi kumchora hata mmoja anayepumua.

Ndiyo maana mama alipokuja kutoka Muheza kwa kliniki ya macho, akakaa kwangu, na mimi nikamwomba nimchore, alinitazama sana. "Kwani nimeshakufa, baba?" Ananiita baba kwa sababu nimerithi jina la babu yangu.

Aliyenitia wazo hilo ni mchoraji wa Marekani, Alice Neel, aliyezaliwa mwaka 1900 na kufariki 1984. Picha zake nilizikuta kwenye simu nikitafuta namna ya kuchora vidole. Mwaka 1938 alihamia mtaa wa Harlem ya Wahispania, New York, na huko akachora waliomzunguka: majirani, wanawe wawili, wanaume aliowapenda, mawifi na mashemeji. Picha moja ya mwaka 1940 ni ya Carlos Negrón, ndugu wa mpenzi wake José, mgonjwa wa kifua kikuu, amelazwa na bandeji ubavuni. Kabla ya hapo Neel alimchora pia mpenzi mwingine, baharia Kenneth Doolittle, na huyohuyo mwaka 1934 kwa wivu akamchomea michoro zaidi ya 300 na kumchania picha za mafuta. Mimi ningeacha fani siku hiyohiyo.

Iliyonishika zaidi ni ya mama yake mzazi, mwaka 1953, kabla hajafa. Bibi amekaa na vazi la nyumbani la mirabamiraba, mdomo umeshuka, na binti hakumpamba hata kidogo. Nilijiuliza kama ningethubutu.

Nikanunua kitambaa cha marekani, nikakiwamba kwenye fremu, nikapaka rangi ya maji nyeupe mara mbili. Siku ya kwanza niliharibu. Nilipiga miraba kwa penseli kama ninavyofanya kwenye mabango, nikamwambia mama asitikisike. Akatii, maskini, akakakamaa kama anapigwa picha ya kitambulisho. Nikapata kitambulisho.

Neel hakuanza na penseli. Alichukua brashi na rangi nyepesi, miaka ya baadaye mara nyingi ya bluu, akachora mtu moja kwa moja kwenye turubai, huku akipiga naye soga. Nikaona hilo la soga linawezekana. Siku ya pili nikaizimua bluu kwa tina mpaka ikawa kama maji, nikamwuliza mama habari za ule mgogoro wa mpaka wa shamba la michungwa. Basi! Alisimulia saa nzima. Kila alipomtaja jirani yule, jicho la kushoto lilijifinya na bega likapanda, na mimi nilikuwa nafuata bega hilo kwa brashi, nikikosea na kupitisha mstari mwingine juu yake bila kufuta. Mtu anayeongea hatulii, ila anarudia. Ukimsubiri, ishara yake inarudi palepale. Picha ya pasipoti haikufundishi hivyo.

Katikati ya mazungumzo nikamwambia mama kwamba yule mchoraji, Neel, alijiita mkusanya roho. "Astaghfirullah," akasema, "huyo si Ziraili?" Akacheka mpaka nikapoteza mdomo, ikabidi niuanze upya.

Siku ya tatu nilimaliza uso na mkono wa kulia, ule wenye kovu la panga. Usiku simu ikaja ya msiba kijijini, na alfajiri mama akapanda basi. Kwenye turubai kikabaki kichwa, mkono mmoja, na kanga ya mistari mitupu ya bluu.

Kijana ninayemfundisha kazi akaniambia tumalizie kwa picha ya simu, nusu siku tu. Alisema kweli, na mkono wangu ulikuwa tayari. Lakini kuna picha nyingine ya Neel, ya mwaka 1965, ya kijana mweusi aitwaye James Hunter. Alikuwa ameitwa jeshini wakati wa vita vya Vietnam. Alikaa mara moja, Neel akapata kichwa na mkono ulioegemeza shavu, mwili ukabaki mistari. Mara ya pili hakutokea. Neel akasema imekwisha, akatia saini, na mwaka 1974 ikatundikwa kwenye maonyesho yake makubwa katika jumba la sanaa la Whitney, New York. Ukiitazama, ule weupe ndio unaokuambia kijana ameondoka.

Nikaosha brashi.

Mama alirudi baada ya mwezi kwa miwani yake. Akaivaa, akasimama mbele ya picha, akaisogelea, akarudi nyuma. Kuhusu jicho lile la kushoto hakusema neno.

"Kanga yangu mbona haina maua?"

"Hukunipa muda, mama."

"Na mkono wa pili?"

"Uliondoka nao kwenda Muheza."

Akavuta kiti palepale, akakaa, akauweka mkono wa kushoto juu ya goti. "Haya," akasema, "yule jirani kanipeleka baraza la kata."

Nikatafuta kitambaa kingine.