Nilivyosomesha habari za askari wa miamvuli

Nasomesha historia katika skuli moja ya sekondari hapa Unguja, na kwa muda mrefu habari za majeshi ya Washirika kutua Normandy, Ufaransa, tarehe 6 Juni 1944 katika Vita vya Pili vya Dunia nilizieleza kwa mishale ya ramani tu, wanafunzi wakazinakili bila ya kuuliza lolote. Nilipopata nafasi ya kumtembelea ndugu yangu aliyepo Ufaransa, nilimwomba anipeleke katika makumbusho ya askari wa miamvuli mjini Sainte-Mère-Église.

Makumbusho hayo, yaliyofunguliwa mwaka 1964, yanahusu divisheni za 82 na 101 za Marekani, zilizorusha askari wapatao 13,000 usiku ule. Sare na bunduki nilizipita haraka. Nilichokikodolea macho ni ndege ya Waco isiyo na injini, iliyokuwa ikivutwa kwa kamba na ndege nyengine na kuachiwa gizani ijitafutie pa kutua: kiunzi chake ni mabomba membamba ya chuma yaliyovikwa kitambaa, na humo walipakiwa askari 13 pamoja na marubani wawili. Watalii wengi hukimbilia sanamu ya askari John Steele, ambaye mwamvuli wake ulinasa kwenye mnara wa kanisa. Kwangu mimi hicho ni kisa cha mtu mmoja, hakielezi vita.

Kilichonifaa darasani ni kidude kidogo cha bati walichopewa askari wa divisheni ya 101 ili watambuane gizani: ukikibonyeza mara moja kikalia, mwenzako hujibu mara mbili. Niliporudi nilikusanya vifuniko vya chupa za jemu, vile vinavyolia vikibonyezwa katikati, nikafunga madirisha na kuwatawanya wanafunzi pembe zote za chumba, kama mawingu na mizinga ya Wajerumani ilivyowatawanya askari wale. Zikasikika kelele tupu, hakuna aliyejua nani anamjibu nani, mpaka mmoja akauliza, "Maalim, na adui akikiokota kimoja?" Swali hilo ndilo lililotufikisha kwenye maneno ya siri waliyokuwa wakiulizana.

Bonde la mto Merderet, ambalo Wajerumani walilifurisha maji na baadhi ya askari wakazama humo kwa uzito wa mizigo yao, nililifananisha na mabonde ya mpunga ya Cheju wakati wa masika. Sasa naanza na bonde hilo kabla ya vifuniko, kwani vikishagaiwa hakuna anayesikiliza tena.