Nilivyoielewa ile D ya kwenye ps kwa kusoma Unix ya 1975

Kama umewahi kushika seva ya Linux unaijua hii, prosesi (programu inayoendeshwa) imeganda, ukipiga ps, amri ya kuorodhesha prosesi, kwenye safu ya hali, STAT, kuna D, unaipa kill -9, amri ya kuua kwa nguvu, na haifi, unarudia na bado haifi. Niliuliza sana na kila mtu ananiambia ati inasubiri diski, sawa inasubiri, ila kwa nini haifi? Nikafungua kodi ya Linux, mistari zaidi ya milioni 20, unaanzia wapi sasa. Ndo nikaamua kurudi nyuma kabisa mpaka Unix toleo la sita, ile ya Ken Thompson na Dennis Ritchie pale Bell Labs, keneli yake (kiini cha mfumo wenyewe) haifiki mistari elfu 10, yaani mtu mmoja anaisoma yote na inabaki kichwani.

Kuiwasha siyo kazi, PDP-11, kompyuta ya zamani iliyoiendesha, inaigizwa na emyuleta ya SIMH, na kampuni ya Caldera iliyokuwa na haki zake waliziachia hizi Unix za zamani mwaka 2002. Vidole tu ndo vinateseka, maana cd hakuna ni chdir, herufi ya kufutia ni #, ukigusa @ mstari wote umeenda, na kwenye C yao += inaandikwa =+.

Jibu langu lilikuwa kwenye faili moja, slp.c. Programu ikitaka kusoma diski keneli haikai kuisubiri, inaita sleep, inaandika kwenye p_wchan anwani ya kitu kinachosubiriwa, alafu zamu anapewa mwingine. Diski ikimaliza inapiga interapti, yaani inamkatiza prosesa kumwambia imemaliza, inaitwa wakeup na anwani ileile, inapita jedwali lote la prosesi, nafasi 50 tu, na kila aliyelala kwa anwani hiyo anaamshwa. Sasa utamu uko hapa: sleep inapokea pia kipaumbele, na kikiwa hasi prosesi inawekwa SSLEEP, kisipokuwa hasi inawekwa SWAIT. Nenda kwenye psignal, funksheni inayopeleka signali (ujumbe kama ule wa kill), uone, signali ikija inaamsha aliyeko SWAIT peke yake! Anayesubiri kiibodi yuko SWAIT, unamuua muda wowote. Anayesubiri diski yuko SSLEEP, signali inaandikwa na kumngojea mpaka aamke mwenyewe. Na ni haki kabisa, kwa sababu diski iko katikati ya kumwaga data kwenye memori, ukimtoa mwenye kazi hapo nani ataweka mambo sawa?

Nilitaka kuona kwa macho, nikaongeza sistimu koli yangu, yaani ombi jipya ambalo programu inaweza kuipa keneli. Kwenye sysent.c, jedwali la koli hizo, namba za mwishoni ziko wazi, zinaelekea nosys (funksheni ya kurudisha kosa tu), nikachukua moja, funksheni yake inapita jedwali la proc inahesabu walioko SSLEEP na walioko SWAIT, jibu linawekwa u.u_ar0[R0] kwa sababu r0 ndo rejista ambayo programu inasomea jibu. Nikakompaili, nikaunganisha keneli mpya, nikawasha na ikawaka, nikaona namba zangu zinabadilika kila diski ikifanya kazi. Nilifurahi sana aisee.

Siyo kila kitu kinahama kuja huku kwetu kwenye Linux. Wao walijilinda kwa spl6, wanazuia interapti kidogo basi, prosesa ilikuwa moja. Leo ukizuia kwenye koa (kiini cha prosesa) moja nyingine zinaendelea na shughuli zao, ndo maana Linux imejaa spinloki (kufuli ambazo koa inazunguka ikizisubiri) na foleni za kusubiria badala ya kupita jedwali zima. Ila D na S (usingizi wa kawaida unaokatizika) za kwenye ps ni SSLEEP na SWAIT zilezile, hata safu ya WCHAN ndo p_wchan yao. Mwaka 2008 Linux wakaongeza hali nyingine, prosesi inalala haisikii signali yoyote isipokuwa ya kuua, ndo maana baadhi ya zinazosubiri diski za mtandao sasa zinakufa.

Siku hizi nikiiona D sihangaiki na kill, napiga ps -eo pid,stat,wchan,comm naangalia imelalia wapi, alafu naenda moja kwa moja kwenye diski au mtandao wenyewe.