Kufukuzana kwenye miwa: filamu yangu fupi imefika wapi

Kwa wale mnaofuatilia, sehemu ya kufukuzana kwenye filamu yangu imeanza kuonekana. Barabara tumepata, fremu ya kufungia kamera imeshachomelewa, na shoti za mchana karibu zote ziko mkononi. Zimebaki za ndani ya gari usiku, pamoja na sauti. Kisa chenyewe kwa wasiokijua: kijana wa bodaboda amepewa mkoba aupeleke mjini, hajui ndani kuna nini, na watu wa Corolla ya kijivu wanautaka kwa udi na uvumba.

Wenzangu kadhaa hapa Walukuba, Jinja, Uganda, walipendekeza tupigie barabara kuu ya kwenda Iganga, kwa kuwa ni lami na inavutia machoni. Nilikataa na bado nakataa. Malori ya kutoka Malaba, mpakani na Kenya, yanapita pale usiku na mchana, na hakuna filamu inayostahili mtu kuishia chini ya trela. Tumechukua kipande cha barabara ya udongo kinachokatiza mashamba ya miwa upande wa Kakira. Mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Sasa wanangu, hizo pikipiki zitakimbia kweli au ni za kuigiza?" Nikamwambia, "Mzee, hakuna atakayezidi kilomita 40 kwa saa." Akakubali, kwa sharti kwamba kila upande wa barabara asimame mtu mzima mwenye kitambaa chekundu, na trekta ya miwa ikija sisi ndio tupishe. Tunalishika sharti hilo kila tukienda.

Arobaini inatosha kabisa. Mtazamaji haoni spidomita. Anaona vitu vinavyompita. Tulipitisha Corolla ile ile, kwa mwendo ule ule, kwanza mahali ambapo miwa ilikuwa imevunwa na shamba limebaki wazi, halafu katikati ya miwa iliyokomaa. Kwenye uwazi gari lilionekana kama linakwenda sokoni bila haraka. Kwenye miwa liliruka! Majani yalikuwa yanapita chini ya mita moja kutoka kwenye lenzi, na kila jani lilikuwa mchirizi wa kijani. Kisha tukaishusha kamera mpaka karibu na usawa wa kifundo cha mguu, kwa lenzi pana, udongo mwekundu ukawa unakimbia sehemu ya chini ya picha kama maji ya mfereji. Tangu siku hiyo napanga shoti kwa kuangalia kwanza nini kiko karibu na lenzi: nguzo, ua, ukingo wa barabara. Gari nalifikiria baadaye.

Lenzi ndefu, ile ya kuvuta vitu vya mbali, ina kazi nyingine. Ukisimama mbali na kuwapiga wakija kwako, umbali kati yao unabanwa. Corolla ikiwa nyuma ya Boxer, pikipiki ya bodaboda wetu, kwa umbali salama, kwenye picha bampa linaonekana linataka kugusa taa ya nyuma ya pikipiki. Wanachelewa kukua kwenye fremu, kwa hiyo shoti ya namna hiyo haitoi kasi, inatoa hofu. Ninazo chache tu na sitaki zizidi.

Kuna mbinu ya zamani sana ya kuzungusha filamu polepole wakati wa kurekodi. Sinema inaonyeshwa kwa fremu 24, yaani picha 24, kwa sekunde. Ukirekodi 20, mwendo unaongezeka kwa asilimia 20, na kilomita 40 zinaonekana 48. Kamera yangu haina fremu 20, hivyo narekodi 24 na kuongeza kasi kwenye uhariri. Siendi zaidi ya hapo, kwa sababu vumbi linasaliti. Vumbi la murram lina namna yake ya kupanda na kutulia ambayo sote tunaijua tangu utotoni, na likipanda haraka kupita kiasi jicho linakataa hata kama mtu hajui kwa nini.

Fremu ya kamera imetengenezwa na fundi wa kuchomelea hapa hapa mtaani: mabomba ya mraba yaliyofungwa kwa bolti mbele ya Corolla, mpira wa tyubu kila chuma kinapogusa bodi, kipande cha godoro chini ya bamba la kamera kupunguza mtikisiko, na kamba ya pili ya usalama ambayo haitegemei bolti yoyote. Mtengeneza filamu Isaac Nabwana na wenzake wa Wakaliga, Kampala, walishaonyesha kwamba filamu ya mapigano inaweza kutoka kwenye vyuma chakavu na mikono ya mafundi wetu, na kila nikiitazama fremu hii nawashukuru.

Sasa, uso wa dereva. Katika filamu ya Ronin ya mwaka 1998, iliyopigwa Ufaransa, walitumia magari yenye usukani kulia: dereva hodari aliendesha kweli, na mwigizaji akakaa kushoto na usukani wa bandia. Hapa kwetu usukani uko kulia tayari, kwa hiyo ningehitaji gari la usukani wa kushoto, na silipati. Basi tumechagua gari lililosimama.

Majaribio ya kwanza yamenifurahisha mno. Corolla imeegeshwa gizani uani. Ubao mrefu umepitishwa chini ya bampa la nyuma juu ya tofali, na vijana wawili wanaubonyeza bila mpangilio maalumu, maana wakifuata mdundo gari linacheza ngoma. Mwingine anapita ubavuni na tochi iliyofunikwa plastiki ya rangi ya chungwa, kutoka mbele kwenda nyuma, halafu anazunguka kwa kuinama asionekane. Kioo cha pembeni tumekinyunyizia maji kidogo ili mwanga usambae. Mwigizaji anautikisa usukani kidogo sana na kutupa jicho kwenye kioo cha nyuma. Jicho hilo ndilo linalonipa ruhusa ya kukata kwenda kwenye pikipiki.

Uhariri umeanza. Kanuni ninayoishikilia: bodaboda akikimbia kuelekea kulia kwa fremu, na Corolla iende kulia, mpaka nionyeshe kona. Barabara yetu ni fupi, kwa hiyo tunaipita ile ile kutoka pembe tofauti. Hata filamu ya Bullitt ya 1968, ambayo kufukuzana kwake San Francisco kunachukua karibu dakika 11 na mhariri wake Frank P. Keller alipata Oscar, ina Volkswagen ya kijani ile ile inayopitwa tena na tena. Mimi nina mwembe mmoja unaojirudia, nitauondoa kwenye uhariri kabla haujajulikana.

Dereva wetu wa Boxer, mtu wa stage (kituo cha bodaboda) hapa Walukuba, analipwa sawa na mapato yake ya siku nzima, helmeti haivui, na chini ya suruali ana kinga za magoti. Filimbi ikilia, wote wanasimama, hata kama shoti ni nzuri namna gani.

Wiki ijayo ni sauti: ekzosi ya Boxer kwa karibu, gia zikipanda na kushuka, na matairi ya Corolla kwenye changarawe. Mwenye kinasa sauti chenye kinga ya upepo pande za Jinja, naomba kuazima Jumamosi. Mafuta ya kukifuata na kukirudisha ni juu yangu.