Usiku tuliomsikiliza Curtis

Curtis Mayfield, mwimbaji na mpiga gitaa wa soul, muziki wa Wamarekani Weusi, alifariki tarehe 26 Desemba 1999 huko Roswell, Georgia, akiwa na miaka 57. Ilikuwa Jumapili, siku ya pili ya Krismasi na ya kwanza ya Kwanzaa, sikukuu ya siku saba ya Wamarekani Weusi. Wakati huo nilikuwa nasoma Chicago, mji aliozaliwa, na wiki nzima iliyofuata upande wa kusini wa mji ulikuwa wake. Ukipita vinyozi, yeye. Ukisubiri kuku kwenye foleni, yeye. Magari yakisimama kwenye taa nyekundu, sauti ile nyembamba inapenya vioo vilivyofungwa kwa ajili ya baridi.

Nilikuwa namjua kwa nyimbo chache tu. Nilichokuja kukipata wiki ile ni jinsi watu wa kwao walivyomsikia, na nimekihifadhi mpaka leo.

Jioni ya tarehe 29 nilialikwa Bronzeville, mtaa wa Weusi upande ule wa kusini, nyumbani kwa mama mmoja aliyekuwa mwalimu mstaafu. Mwaka 1974 alikuwa miongoni mwa Wamarekani Weusi waliosafiri kuja Dar es Salaam kwenye Mkutano wa Sita wa Pan-African pale Chuo Kikuu, na tangu hapo kila Mtanzania aliyekatiza njia yake alikuwa mtoto wake. Siku ya nne ya Kwanzaa ni siku ya Ujamaa. Mezani palikuwa na mkeka, mahindi, na kinara chenye mishumaa minne iliyokwisha kuwashwa. Ukutani, picha ya Mwalimu Nyerere ilikuwa imezungushiwa kitambaa cheusi. Alikuwa amefariki London Oktoba ya mwaka uleule, na mama yule alikuwa bado kwenye msiba.

Kabla ya kula alisimama na kikombe, akawa anamimina maji kidogo kidogo kwenye chungu cha mmea, na kila aliyekuwepo akataja jina la marehemu wake. Walitajwa mababu, wake, watoto. Mimi nilimtaja Mwalimu. Mzee aliyeketi karibu nami, dereva wa basi mstaafu aliyewahi kupigana Vietnam, akasema, "Curtis." Sebule nzima iliitikia kwa sauti moja. Nilishangaa namna majina yale mawili yalivyokaa pamoja bila taabu, mkuu wa nchi na mpiga gitaa aliyekulia kwenye nyumba za umma za Cabrini-Green.

Baada ya chakula, mama akatoa santuri. Ilikuwa albamu ya kwanza ya Curtis akiwa peke yake, iliyotoka Septemba 1970, jina lake "Curtis" basi. Jalada lilikuwa limechakaa kwenye kingo, yeye mwenyewe kavaa njano. Mama aliweka sharti: tutaisikiliza yote, upande wa kwanza mpaka wa pili, na anayetaka kusifu asubiri wimbo uishe. Sharti lile halikudumu hata nusu ya wimbo wa kwanza.

Inafaa nieleze kwa nini watu wale waliichukulia albamu hiyo kama mali yao. Kabla yake, Curtis alikuwa kiongozi wa kundi la waimbaji la The Impressions. Aliwaandikia nyimbo kama "Keep On Pushing" ya 1964 na "People Get Ready" ya 1965, ambazo waandamanaji wa haki za raia waliziimba kama nyimbo za kanisani, na kwa kweli zilikuwa na harufu ya kanisa, maana bibi yake alikuwa mhubiri. Zilikuwa nyimbo za kuahidi. Kisha Aprili 1968 Martin Luther King akauawa, na mitaa ya magharibi ya Chicago ikaungua. Desemba 4, 1969, polisi wa mji uleule walivamia nyumba alfajiri na kumuua kwa risasi Fred Hampton wa Black Panther, chama cha kupigania haki za Weusi, kijana wa miaka 21, kitandani mwake. Curtis alipoachana na wenzake mwaka 1970 na kurekodi chini ya kampuni yake mwenyewe ya santuri, Curtom, aliwaimbia watu waliokwisha kuzika.

Wimbo wa kwanza unaanza na besi inayokoroma na sauti ya mwanamke akizungumzia Kitabu cha Ufunuo. Halafu Curtis anapaza sauti yenye mwangwi na kuyaita makundi yote ya Marekani kwa majina yao ya matusi, weusi na weupe bila kubagua, akiwaambia kwamba kama jehanamu ipo, wote wanakwenda. Rais Nixon naye anatajwa humo, akiwaambia watu wasiwe na wasiwasi. Dereva alipiga goti lake kwa kiganja.

"Nilirudi kutoka vitani mwaka ule," alisema. "Kila redio ilikuwa inaniambia mambo yatakuwa sawa. Huyu peke yake ndiye aliyesema hapana, hayako sawa, na wewe umo ndani yake. Nikasema, huyu mkweli. Na bado nikacheza!"

"Wote tulicheza," mama akaitikia.

Wimbo wa pili ni wa mtu wa upande ule mwingine wa mji, ambaye mdogo wake wa kike ana njaa na kiatu cha kurithi cha kaka yake kimeanza kuonyesha vidole. Nyuma yake kuna kinubi na vinanda vya nyuzi, muziki wa watu wa hotelini umewekwa chini ya maneno ya watu wa mabondeni. Wa tatu ni wimbo wa mapenzi, mpole kabisa. Kijana mmoja, mjukuu wa mama, aliuliza wimbo huo unafanya nini katikati ya mambo mazito hivi. Bibi yake alimjibu bila kugeuka: "Unatukumbusha kwamba tunapendeka. Ukiutoa huo, hii iliyobaki ni hotuba."

Sijasikia sifa ya muziki iliyo bora kuliko hiyo.

Kisha ukaja wa nne, "We the People Who Are Darker Than Blue," na hapo ndipo sebule ilipobadilika. Unakwenda taratibu kama maziko. Curtis anawauliza watu wake, kwa upole unaouma, kama wataendelea kusimama tu mjini na kuacha yanayosemwa juu yao yawe kweli. Anawasema wanaoumizana wenyewe kwa wenyewe. Anawasema wanaoringia wekundu wa ngozi zao mbele ya ndugu zao weusi zaidi. Halafu katikati, bila kutangaza, tumba na ngoma zinalipuka, kasi inapanda, watu wanainuka vitini, kisha ghafla unarudi kwenye mwendo wa maziko na swali ni lilelile.

Mwanamke mmoja, mweupe wa ngozi miongoni mwa weusi, alikuwa analia. Alisema alikuwa na miaka kumi na tano aliposikia ubeti ule wa rangi kwa mara ya kwanza, kwenye sherehe ya kuzaliwa ya binamu yake. "Nilijua ananisema mimi, na mama yangu, na mama yake. Hakuna mchungaji aliyewahi kutusema hivyo. Sikumchukia hata dakika moja. Nilimpenda zaidi, kwa sababu alisema 'sisi', hakusema 'ninyi'."

Nililishika neno la yule dada. Nyimbo za siasa nilizokuwa nimezizoea zilikuwa za aina mbili: za kumsifu mkubwa au za kumlaani mkoloni. Hii ilikuwa aina nyingine. Curtis hakuwasamehe wenye nguvu hata kidogo, ila alipomaliza nao aligeuka akafunga mlango, akaongea na watu wa nyumbani. Na watu wa nyumbani, miaka karibu thelathini baadaye, walikuwa wakimshukuru kwa kuwasema.

Mama aligeuza santuri.

Upande wa pili unafungua kwa "Move On Up," dakika nane na ushee. Hakuna aliyebaki ameketi. Maneno yanakwisha mapema, na kinachobaki ni tarumbeta, ngoma, na tumba za Master Henry Gibson zikisukumana mpaka mwisho. Mjukuu, ambaye mwanzoni alikuwa anaangalia saa, alisimama karibu kabisa na spika. Yeye alikuwa mtu wa hip-hop na alikuwa akivijua vipande vya Curtis kutoka kwenye nyimbo za vijana wenzake waliovikata na kuvitumia. "Nilidhani ile ngoma ni fupi," alisema, "kumbe ilikuwa na nyumba nzima." Dereva akamweleza, kwa fahari ya mtu anayesimulia ya ndugu yake, kwamba Curtis alijifundisha gitaa mwenyewe, akalilegeza na kulikaza mpaka likafuata vitufe vyeusi vya kinanda, na ndiyo maana hakuna aliyeweza kumwiga.

Wimbo ule haukuingia kwenye chati za Marekani. Uingereza ulifika nafasi ya 12 mwaka 1971. Albamu yenyewe, hata hivyo, ilikaa kileleni mwa chati ya muziki wa weusi kwa wiki tano. Walionunua walijua wananunua nini.

Nyimbo zilizobaki tulizisikiliza huku sahani zikikusanywa. Nzuri, lakini hakuna aliyesimama kuzisifu, isipokuwa ule wa mtoto wa kike anayeulizwa atakuwa nani akikua naye anajibu kwamba atakuwa Miss Black America. Shindano lenyewe lilianza mwaka 1968, Atlantic City, na mama alisema wanafunzi wake wa darasa la pili walikuwa wakiuigiza wimbo huo wakati wa mapumziko.

Mazungumzo yakageukia miaka yake ya mwisho. Agosti 13, 1990, Brooklyn, upepo uliangusha vyuma vya taa jukwaani vikamvunja, akapooza kuanzia shingoni. Gitaa hakulishika tena. Albamu yake ya mwisho, ya 1996, aliiimba akiwa amelazwa chali, mstari mmoja mmoja, ili mapafu yapate hewa ya kutosha. Dereva alitaka kusema kitu juu ya hilo akashindwa.

Ndipo mama akaniuliza: "Na kwenu Dar? Walimpokeaje?"

Niliwaambia nilichokijua kutoka kwa mjomba wangu, aliyekuwa kijana wa Kariakoo siku zile. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, vita dhidi ya sketi fupi, mawigi na suruali za kubana. Mwishoni mwa 1969 wakuu wa Dar es Salaam wakapiga marufuku muziki wa soul wenyewe, kwamba ni uchafu wa kigeni unaoharibu vijana. Mjomba alikuwa na santuri za The Impressions. Alizifunga kwenye kanga ya bibi na kuziweka chini ya kitanda.

Sebule ilinyamaza. Wengine walitazama picha ya Mwalimu ukutani.

"Mwaka 1974 hakuna aliyenieleza hilo," mama alisema. Dereva aliona nchi changa ina haki ya kulinda ngoma zake. Yule dada aliyelia alipinga kwa ukali: kigeni kwa nani? Muziki wa watu waliotolewa Afrika kwa minyororo unarudi nyumbani, unaambiwa ni mgeni? Walibishana kwa muda mrefu, kwa heshima lakini bila kulegeza.

Walipotaka kusikia langu, niliwaambia ninavyoona mpaka sasa. Marufuku ile ilitangulia albamu hii kwa chini ya mwaka mmoja, na waliopiga marufuku waliona kiuno tu, hawakusubiri maneno. Kama wangeyasubiri, wangekuta mtu anayesema lugha yao. Azimio la Arusha la 1967 halikuishia kwa wakoloni. Liliwageukia viongozi wetu wenyewe, likawakataza mishahara miwili na nyumba za kupangisha. Lilituambia kwamba unyonge wetu hautaondolewa na mwingine. Curtis na Mwalimu walikuwa na ujasiri uleule wa kuwasema wa kwao bila kuwadharau, na inaniuma kwamba vijana wa Dar walinyimwa kumsikia wakati ule ambapo wangemwelewa kuliko watu wote duniani.

Mama hakujibu. Alitafuta kaseti tupu, akaanza kurekodi santuri ile upya kutoka mwanzo. "Hii ni ya mjomba wako," alisema.

Kaseti ilisafiri Januari na mtu aliyekuwa akirudi nyumbani. Wiki kadhaa baadaye nilinunua kadi ya simu nikapiga.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mjomba. Mzigo nimeupata." Akaniambia amewaita rafiki zake wawili wa zamani, wale waliokuwa wakicheza naye, na wamekuwa wakiisikiliza kila Jumamosi tangu ifike. Alisifu besi, alisifu tumba, akasema sauti ya Curtis imekuwa tamu zaidi kuliko alivyoikumbuka. Kisha akauliza juu ya wimbo wa nne. Kiingereza chake kilimfikisha nusu. "Kuna mahali anatusema," alisema. "Nasikia anatusema. Niandikie yote kwa Kiswahili, usiniruke mstari."

Nilirudi Bronzeville, nikaketi na mama mezani, na tukaupitia wimbo ule neno kwa neno mpaka usiku. Barua ilifika Kariakoo mwezi Machi. Mjomba alijibu kwamba walipeana zamu kuisoma kwa sauti huku kaseti ikilia, kwamba mmoja wao aliomba ubeti wa rangi urudiwe kwa sababu ya binti yake na mikorogo, na kwamba bado hawajakubaliana kama wimbo huo ndio bora au ni ule wa jehanamu.