Siku yangu njia ya Bububu: boflo alfajiri, magofu mchana, urojo jioni

Mtu akitaja Zanzibar basi akili zinakimbilia Mji Mkongwe na Forodhani, na mie sina ugomvi na Forodhani wallahi, ila kazi yangu iko njia ya Bububu na kwenye njia hio moja tu kuna Maruhubi, Mtoni, Kibweni, Beit el Ras na ukivuka Bububu kuna Chuini, yani majumba matano ya kifalme yamepangana pwani, na katikati yake kuna watu wanapika vitu ambavyo hotelini hupati hata ulipe dola. Wageni wanashushwa na mabasi wanaingia wanapiga picha wanatoka. Sie wa mitaa hio hio tunapita na daladala hata shingo hatugeuzi. Linaniuma jambo hili, ndo mana leo nimeamua niandike siku yangu nzima, saa kwa saa, na nini nakula na wapi nasimama.

Kazi yangu nasambaza mikate.

Saa 10 alfajiri

Bekari yetu iko Ng'ambo, mitaa ya nje ya Mji Mkongwe, tanuri la kuni. Boflo likitoka kwenye kuni linakuwa na ukoko mgumu kwa nje na ndani laini, ukilichovya kwenye mchuzi linanywa lakini halikatiki ovyo, na wauza mbaazi wanalijua hilo, ukiwapelekea mkate laini wa kwenye mfuko wanakurudishia. Tunapanga kwenye makreti, tunapakia kwenye keri, kigari kidogo cha mizigo, tunafunika shuka safi. Harufu yake ile saa hio mtu hujala kitu ni mtihani.

Saa 11 na kitu

Nimeshaswali, naanza Saateni. Hapa sina mengi, nashusha haraka kwenye maduka na vibanda vya chai, watu wa mizigo na madereva wanakunywa chai ya mkandaa na boflo kavu wanaondoka.

Saa 12 na nusu, Maruhubi

Hapa ndo kituo changu cha mwanzo cha kula. Kuna bi mkubwa anapika mbaazi za nazi karibu na barabara, sufuria moja tu na jiko la mkaa, hana bango wala jina la mgahawa, anakaa hapo mpaka ziishe na huwa zinaisha mapema.

"Shkamoo bi mkubwa."

"Marahaba mwanangu, mbona leo umechelewa, watu washaanza kuniulizia mikate."

Mbaazi zake anazipika usiku zikaiva taratibu, asubuhi anatia tui jepesi kwanza alafu tui zito mwisho, kitunguu, manjano kidogo na pilipili mbuzi nzima haipasuki, inatoa harufu tu bila ukali. Unapasua boflo unaweka ndani au unachovya. Mie nachovya.

Nikimaliza nashuka pwani kidogo kwenye jumba. Hili kalijenga Sultan Barghash kati ya 1880 na 1882 kwa ajili ya wanawake zake, Barghash huyu huyu aliyejenga Beit el Ajaib, lile Jumba la Maajabu la Mji Mkongwe, na aliyeleta maji ya mfereji mjini. Kilichobaki ni nguzo nene za mawe safu kwa safu, na ukiziangalia unajiuliza zilikuwa zinabeba nini, basi juu yake kulikuwa na ghorofa yenye roshani za mbao kuzunguka, na moto ulipoingia 1899 mbao zote zikaenda zikabaki nguzo zenyewe. Hamamu, yani nyumba ya kuogea, bado lipo, unaona vyumba na mifereji ya maji, na nje kuna birika kubwa zimeota mayungiyungi. Asubuhi hio hakuna mgeni hata mmoja, ni wavuvi tu wanarudi, unasikia sauti zao na ndege. Kama unataka kupaona Maruhubi vizuri njoo saa hii, usisubiri saa 5 jua likikaa utosini.

Saa 2 asubuhi, Mtoni

Leo Jumamosi skuli hakuna, kwa hio nampitia mtoto wa dada yangu, yuko kidato cha pili na somo analolipenda ni historia. Kanisubiri nje na daftari. Shemeji anasema msirudi usiku, sawa.

Mtoni ndo pahala ninapopapenda kuliko pote kwenye njia hii. Ni jumba kongwe kuliko mengine yote ya masultani hapa Unguja, Sultan Seyyid Said mwenyewe akiishi hapa, na 1844 alizaliwa humu binti yake Sayyida Salme, aliyekuja kuondoka kisiwani 1866, akaolewa na mfanyabiashara wa Kijerumani, akaitwa Emily Ruete, na 1886 akachapisha kumbukumbu za maisha yake huko Ujerumani. Ndani ya kumbukumbu hizo kauelezea uwanja wa kati wa jumba hili, kulikuwa na tausi, paa, mbuni, bata na korongo wanatembea huru, na watoto wa jumba wanakimbizana nao. Sasa wewe simama pale katikati, kuta zimebaki nusu, paa za nyumba hakuna, alafu fikiria hayo yote.

Mtoto akaniuliza, "Mjomba, kwa hio darasani tukisoma Seyyid Said alikuwa anaishi Zanzibar ndo hapa? Hapa kwetu Mtoni?"

Ndo hapa. Kutoka nyumbani kwao ni kutembea kwa miguu. Mtoto kasoma karafuu, kasoma biashara ya pembe, kasoma mikataba, na hajawahi kuingia kwenye ukuta huu. Mie naona skuli zote za huku zingekuwa zinaleta watoto japo mara moja kwa mwaka, hakuna nauli hata, wanakuja kwa miguu na mwalimu wao. Alikaa kwenye kivuli akachora ramani ya uwanja kwenye daftari, vyumba vya hamamu kaviweka upande wake, nami nikaenda kushusha mikate nikamrudia.

Kwenye duka la pili la Mtoni pana kijana anapika vitumbua na mkewe. Vya mchele wa kurowekwa, wanausaga wenyewe, hiliki imekolea. Kula vya moto pale pale, ukivibeba vinapoteza ule ukingo wake mkavu.

Saa 3 hadi saa 4 na nusu

Kibweni nashusha tu naondoka. Jumba la Kibweni lilijengwa 1915 wakati wa Sultan Khalifa bin Haroub na leo ni nyumba ya serikali, huingii, unaliona kwa mbali basi.

Beit el Ras ni kwa wanafunzi wa chuo, kampasi ya Nkrumah ya SUZA, yani Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, na wanafunzi boflo wanalijua kwa yai, yai la kukaanga na kitunguu na pilipili hoho linafungwa ndani ya boflo, mchuzi wa tungule juu. Chakula cha mwanafunzi ila kinakupeleka mpaka adhuhuri. Jumba la hapa lilianza kujengwa zama za Seyyid Said kwa sababu Mtoni ilikuwa imeshajaa watu, akafariki 1856 halijamalizika, na baadae mawe yake yakachukuliwa kujengea reli. Kimebaki kibaraza tu ndani ya eneo la chuo.

Ndio, reli. Nikimwambia mtu wa umri wangu kwamba Unguja ilikuwa na treni anafikiri namtania. Ilijengwa na kampuni ya Kimarekani 1904 hadi 1905, inaanzia mbele ya Ngome Kongwe inapita mjini katikati ya majumba inakuja mpaka Bububu, maili 7 hivi, ikibeba abiria na mizigo, na miaka ya 1920 ikaachwa, magari yakachukua kazi. Njia hii hii ninayoendeshea mie keri. Mtoto alifungua dirisha akawa anaangalia pembeni mwa barabara muda wote kutafuta reli mpaka Bububu.

Saa 5, Bububu

Bububu ni mzigo mkubwa, maduka mengi, sokoni kuna kelele, nashusha makreti karibu yote. Hapa nataka niseme juu ya mzee wa kahawa. Kakaa chini ya mti na birika lake la shaba, vikombe vidogo, kashata za nazi na za njugu kwenye kitambaa, na barzani kwake ndo utapata habari za mji wote. Mie mambo mengi ya magofu nimeanza kuyasikia hapa kabla sijayasoma popote. Wazee wale wanabishana kweli, mmoja anasema hivi mwengine anasema sivyo, na wewe kijana unakaa kimya unasikiliza, kahawa chungu kashata tamu, ukiuliza kwa adabu wanakueleza mpaka ukoo wa mtu. Mtoto kauliza kuhusu treni. Akapishwa nafasi akae, na somo likaanza, nikamwacha nikaenda kufanya hesabu za maduka.

Saa 6 na nusu, Kidichi

Kutoka Bububu unakata kulia unapanda bara, hewa inabadilika, minazi inapungua na mikarafuu inaanza. Maduka ya mwisho ya mikate yangu yako huku. Tuliswali adhuhuri kwenye msikiti wa njiani alafu tukaenda kwenye hamamu.

Hamamu za Kidichi alizijenga Seyyid Said 1850 kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi, mjukuu wa Shah. Walikuwa wakija huku kuangalia mashamba na kuwinda, na bibi akitaka kuoga hamamu la kwao. Kwa nje ni makuba meupe yaliyoingia weusi wa mvua, hukutarajii kitu. Ukiingia ndani mwanga unashuka kwa matundu ya juu, na ukutani kuna nakshi za chokaa zilizochongwa na mafundi wa Kiajemi, maua, mitende, na ndege. Hizo ndege alizigundua mtoto, mie nimeingia humu mara nyingi na macho yangu huwa yanabaki kwenye maua. Akaniita, "Mjomba njoo uone tausi." Kweli, tausi. Tulikaa tunahesabu ndege pembe kwa pembe. Unyevunyevu umeshakula sehemu za nakshi, na tokea upande wa Beit el Ajaib uporomoke Disemba 2020 mie nikiona ufa kwenye jengo lolote la zamani roho inanidunda. Ukienda tafadhali usiguse ukuta, na usiandike jina lako, washaandika wa kutosha.

Chakula cha mchana huku usikose. Kuna akina mama wanapikia wageni wa mashamba ya viungo na ukifika na adabu zako wanakuuzia na wewe. Pilau yao karafuu na mdalasini vimetoka hapo hapo nyuma ya nyumba, iliki ya kijani, pilipili manga, na pembeni mchuzi wa samaki wa nazi na mchicha. Tofauti unaisikia. Viungo vya dukani vimekaa, hivi vina mafuta yake bado. Mama mmoja alitueleza kwamba bibi yake akisimulia kimbunga alichosimuliwa na wakubwa zake, kimbunga cha 1872 kilichoangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ikanusurika, na ndo mpaka leo karafuu nyingi zinatoka Pemba. Tunakula pilau na historia imo kwenye sahani.

Saa 9 alasiri

Kurudi. Nakusanya pesa na makreti matupu njia nzima, kazi ya kuchosha, sina la kusimulia.

Saa 12 na nusu jioni

Baada ya magharibi nimemrudisha mtoto kwao Mtoni, ila kabla hajaingia ndani tukasimama kwa muuza urojo wa mtaa wao. Urojo watu wanaujadili sana, na msimamo wangu ni huu, ukali wake utoke kwenye embe bichi. Ukwaju unafaa msimu wa embe ukipita, sawa, lakini embe bichi iliyochemshwa ikapondwa na unga na manjano inatoa ukali msafi unaokaa ulimini bila kukereketa. Dada huyu anafanya hivyo. Anatia viazi, bajia za dengu, kachori, yai, mishikaki miwili anaivua kijitini, alafu chatne ya nazi, pilipili ya kusaga, na juu kabisa chipsi za muhogo nyembamba ambazo inabidi uzile haraka kabla hazijalowa. Tulikula tumekaa kwenye benchi, na mtoto akawa anamuelezea yule dada kuhusu tausi wa Mtoni na tausi wa Kidichi, na dada, aliyezaliwa mtaa huo huo, akaacha kuchota urojo akauliza, "Na mtu unaingia tu?" Wakapanga Jumamosi ijayo asubuhi waende wote Mtoni kabla hajawasha jiko, na wanawe.

Saa 3 usiku

Nalala, kesho saa 10 tanuri linanisubiri. Kama uko mjini na unataka kuja, panda daladala ya Bububu mapema, shuka Maruhubi ule mbaazi, tembea mpaka Mtoni, kahawa Bububu, Kidichi uifike kabla ya saa 8 mana baada ya hapo pilau imekwisha. Urojo wa embe bichi ni mpaka saa 2 usiku tu, akimaliza anafunga. Na ukiona keri nyeupe imefunikwa shuka nipungie mkono nisimame, boflo la moto huwa nabakisha.