Alama 100 si wingi wa watu
Wiki iliyopita nilikaribia kuwasilisha ripoti yenye sentensi kwamba mkoa mmoja mdogo ndio unaotafuta zaidi habari za kisukari mtandaoni, kwa kuwa Google Trends (huduma ya Google inayoonyesha maneno yanavyotafutwa mtandaoni) iliupa alama 100, huku mkoa wenye jiji kubwa ukipata 41. Kwa bahati nilirudi kusoma maelezo: alama hizo hazihesabu watu, bali hulinganisha sehemu ambayo neno hilo linachukua katika utafutaji wote wa kila eneo, kisha eneo lenye sehemu kubwa zaidi hupewa 100. Mkoa wenye watumiaji wachache unaweza kuongoza kwa maswali machache tu, pengine ya wanafunzi. Nilipobadilisha kipindi kutoka siku 7 hadi miezi 12, mpangilio ulipinduka. Sentensi ile nimeifuta.