Tangi la Samaki Sebuleni: Nilivyoondoa Harufu na Ukijani

Harufu za tangi la samaki hutofautiana. Tangi lenye afya hunukia udongo uliolowa, tena mpaka usogeze pua karibu na maji. Likinuka yai viza, ujue chini ya mchanga kuna uchafu uliokosa hewa. Likitoa vundo la samaki, kuna chakula kinachooza au samaki aliyefia nyuma ya jiwe. Tangi nililoachiwa na shemeji yangu alipohamia Dodoma lilikuwa na harufu zote mbili mbaya, na maji yake yalikuwa ya kijani kizito kama mchuzi wa mlenda.

Lina urefu wa sentimita 90, upana 40 na kimo 45, yaani lita 160 hivi likijaa. Ndani mlikuwa na mbuna wa manjano, samaki wadogo wa miamba ya Ziwa Nyasa. Shemeji akanipigia: "Shem, mwaga maji yote, osha kila kitu kwa sabuni, uanze moja." Huo ndio ushauri unaomaliza samaki wengi wa majumbani, nami sikuufuata.

Samaki hutoa amonia, nyingi kupitia matamvua, na amonia ni sumu. Kuna bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha wengine wanaigeuza kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia mpaka utakapobadilisha maji. Bakteria hao wamejishika kwenye sponji ya filta, kwenye mawe na kwenye mchanga. Ukiviosha vyote kwa sabuni siku moja, umewafukuza kazi wote, na samaki wanaanza kuogelea kwenye uchafu wao. Kwa mbuna hatari ni kubwa zaidi, maana wanapenda maji ya alkali, na kwenye maji ya aina hiyo amonia huwa kali zaidi.

Kwa hiyo nilisafisha kidogo kidogo. Nilinunua mpira wa maji unaopitisha mwanga, nikachomeka mwishoni shingo ya chupa ya maji iliyokatwa, nikawa nauzamisha ndani ya mchanga huku maji yakishuka ndooni. Mchanga unaruka ndani ya chupa na kurudi chini, uchafu unaondoka na maji. Kila wiki nilichukua theluthi moja tu ya sakafu ya tangi. Nilipofika chini ya jiwe kubwa la nyuma, mapovu yakapanda na sebule nzima ikanuka yai viza. Mchanga wa pale ulikuwa mweusi tii. Nikaunyonya wote, nikauacha uende na maji. Jiwe lile sasa nimeliinua kwa vijiwe vitatu ili maji yapite chini yake.

Maji ninayotoa ni ndoo mbili za lita 20 kwa wiki, robo ya tangi. Hayamwagwi ovyo: mchicha wa nyuma ya nyumba unayapenda kuliko mbolea ya dukani. Maji mapya ya bomba nayalaza usiku kucha kwenye pipa la plastiki huku pampu ya hewa ikichemsha mapovu ndani, ili klorini, ile dawa ya kuua vijidudu kwenye maji ya bomba, itoke, kisha naongeza dawa ya matone ya kuua klorini kwa uhakika. Sponji ya filta naikamua ndani ya ndoo ya maji yale yale yaliyotoka kwenye tangi, kamwe si bombani. Inabaki na rangi ya kahawia, na ndivyo inavyotakiwa. Mkaa wa kuchujia, ule maalumu wa filta na si wa jikoni, unasaidia kunyonya harufu, lakini ndani ya mwezi mmoja hivi unachoka. Kwangu ni nyongeza tu.

Kazi kubwa ilikuwa chakula. Nyumba ina watoto, na kila mtoto anaamini samaki wana njaa. Mbuna wakiona kivuli cha mtu wanakuja mbele wakihangaika, watoto wanaona huruma, mkono unaingia kwenye kopo. Nikalihamishia kopo juu ya kabati, nikamteua binti yangu mkubwa kuwa ndiye pekee anayelisha: asubuhi, kiasi kinachoisha ndani ya dakika mbili. Ijumaa hakuna chakula. Samaki hawa kwao hukwangua mwani kwenye mawe, kwa hiyo siku ya kufunga wanakwangua mawe yangu na kunipunguzia kazi. Baada ya hapo vundo lilipungua kwa kasi kuliko kwa chochote nilichofanya kwa mpira na ndoo.

Ukijani wa maji ulitokana na mwanga. Tangi lilikaa mkabala na dirisha la mashariki, na juu yake tyubu iliwaka tangu alfajiri mpaka watu walale. Nililisogeza ukuta wa pembeni, nikaweka taa ya LED nyeupe ya kelvini 6500 (kipimo cha rangi ya mwanga), nikaipangia muda wa saa saba: kuanzia saa tisa alasiri mpaka saa nne usiku, wakati tupo nyumbani kuitazama. Nyuma ya kioo nilibandika karatasi nyeusi. Manjano ya wale samaki iliwaka kiasi kwamba mgeni mmoja aliniuliza nimenunua samaki wapya lini.

Kuwasha na kuzima inafanya taima, swichi inayojiendesha kwa saa. Ile ya kuzungusha kwa mkono haifai kwetu: umeme ukikatika kwa muda wa saa tatu, nayo inachelewa muda huo huo, unakuta taa inawaka usiku wa manane. Chukua yenye betri ndani. Umeme ukikatika muda mrefu, fungua filta na usuuze sponji kwa maji ya tangi kabla ya kuiwasha tena, maana maji yaliyotuama mle ndani yameshaoza. Pampu ndogo ya hewa ya betri nayo iwepo, hasa miezi ya joto. Maji ya moto hushika hewa kidogo.

Halafu kuna mbu. Hapa Dar jioni kila nyumba inapuliza dawa, na nyingi za dawa hizo ni sumu kali kwa samaki hata kwa kiasi kidogo. Pampu ya hewa inaivuta na kuiingiza moja kwa moja majini. Mke wangu na mimi tulikubaliana: sebuleni chandarua na feni, dawa ya kupuliza ibaki vyumbani, mlango umefungwa. Udi hauna ugomvi mkubwa, ila kichomeo tunakiweka mbali na pampu.

Tukisafiri kwenda kijijini wiki moja, samaki wakubwa hawahitaji mlishaji, lakini mdogo wangu anayebaki nyumbani hakubali. Nafunga chakula kwenye vikaratasi, kila kimoja cha siku yake, viwili tu kwa wiki nzima, na kopo naondoka nalo.